Posa Isiyo na Maji

Kaka yangu Murdo alikuwa Mkristo siku ya Jumapili tu. Siku nyingine zote dini yake ilikuwa moja: wiski haitiwi maji. Kanisani aliweza kusinzia mahubiri yakiendelea, na mhubiri akamsamehe kwa sababu ya kazi ya kondoo. Lakini ukimtajia wiski na maji kwa pamoja, usingizi wote ulimtoka. Alikuhubiria mpaka chai yako ikapoa, akikueleza kwamba maji ni ya kondoo, ya kuogea na ya kubatizia watoto wachanga, na hata hao wachanga hulia wakimwagiwa.

Huku kwetu kisiwani mgeni akiingia hukaribishwa tone la wiski. Chupa huwekwa mezani, kando yake jagi la maji, kisha mwenyeji hugeuka kidogo akajifanya anachochea moto, ili mgeni ajitilie kiasi anachopenda bila kuona haya. Atie maji, asitie, ni juu yake. Mwiko ni mmoja tu: kumtilia mtu mwingine maji kwenye bilauri yake. Hilo humfanyii hata mumeo. Kuna ndoa zilizovunjika kwa kosa hilo, ingawa majina siyataji kwa kuwa wenyewe bado wako hai na wanasalimiana kanisani.

Nyumbani kwa Murdo jagi halikuwepo. Alikuwa amelipeleka kwenye banda la kuku. Daktari wa mifugo alipokuja kumtazama ng'ombe wake, akanawa mikono, akakaa, akapewa bilauri yake, akauliza kwa adabu zote, "Maji yako wapi, bwana?" Murdo akamjibu, "Mtoni. Njia unaijua." Ng'ombe alipona, urafiki haukupona.

Na usidhani ni mila ya kwetu aliyokuwa akiilinda. Baba yetu alitia maji, na babu kabla yake. Murdo imani hii aliipata vitani, kwa sajini mmoja wa Aberdeen ambaye baadaye alikufa kwa ugonjwa wa ini. Sehemu hiyo ya ini haikuwamo katika mahubiri. Siku moja nilimwambia kwamba hata hiyo wiski ya dukani hutiwa maji kiwandani kabla ya kufungwa chupani. Hakusema nami tangu tulipopanda viazi hadi tulipovichimba. Nilipumzika sana mwaka ule.

Sasa mtu huyo, katika hekima yake Mungu, alipewa mtoto mmoja tu, Marsaili, na Marsaili katika vijana wote wa kisiwa akaenda kumpenda kijana wa Glenorra.

Glenorra ni nyuma ya mlima wetu. Ni watu wazuri, wanalipa madeni yao, kondoo wao hawaji kupiga hodi mashambani kwetu. Lakini wiski wanaitia maji nusu kwa nusu, na hawaoni aibu. Wana kijito chao ambacho maji yake ni ya rangi ya chai kwa kupita kwenye mboji, na wanakisifu utadhani walikichimba wao. Watakuambia kwamba wiski kavu ni kama mtu aliyenuna: yupo, lakini hasemi lolote. Ukitia maji, hufungua mdomo na kukueleza alikotoka. Sisi wa Borvaig, upande huu wa mlima, tulikuwa tukiwacheka kwa maneno hayo, kisha tukirudi majumbani kwetu tunafunga milango na kutia maji.

Kijana mwenyewe aliitwa Finlay. Masikio makubwa, maneno machache, mikono ya kazi. Alikuwa amepata kazi ya kuchunga kondoo wa bwana mmoja upande wa bara, na nyumba ndani yake, kuanzia mwezi wa tano. Lakini bwana huyo alitaka mchunga mwenye mke, maana wasio na wake, alisema, hutoroka na kwenda kwenye meli. Kwa hiyo posa ikikataliwa, kazi inakwenda kwa mwingine, na Finlay anakwenda kwenye hizo meli.

"Basi muoane tu," nilimwambia Marsaili. "Sheria inakuruhusu. Umri unao."

"Bila ridhaa ya Baba siendi, Shangazi. Sitoki nyumba hii kama mwizi."

Ukaidi wa babake, ila yeye ameufua na kuupiga pasi.

Naye Murdo alikwisha kutangaza msimamo wake pale dukani, mbele ya watu, ili asiweze kurudi nyuma: "Binti yangu haolewi na watu wanaokunywa supu." Akaondoka na kibiriti chake na kifua mbele.

Mimi ni dada yake, nilimbeba mgongoni, hawezi kunidanganya. Supu, yaani wiski yao yenye maji, haikuwa na kosa lolote. Tangu mkewe Anna afariki, Marsaili ndiye aliyeishika nyumba ile. Aliamka kabla yake, akawasha moto, akakama ng'ombe, akampikia uji, akamfulia, na jioni akakaa upande wa pili wa moto akifuma soksi, ili macho yake yakiinuka yakute mtu. Murdo alikuwa akiogopa kile kiti kitakapokuwa kitupu. Lakini mwanamume wa kisiwa chetu hawezi kusema anaogopa kiti. Anaweza kusema maji yanaharibu wiski, na wenzake wakamwitikia kwa vichwa, wakamwona mtu mwenye msimamo. Nilimhurumia, na nilitamani kumpiga na ufagio. Mambo hayo mawili yalinijia kwa pamoja kila nilipomwona.

Wiki moja kabla ya posa, mshenga wao alikuja kwangu kuchungulia hali. Ni Tormod, mjomba wake Finlay, aliyewahi kuwa mpeleka barua, kwa hiyo alizijua habari za kila nyumba na hakuhitaji kuulizwa. Alisimamisha baiskeli yake ukutani akaingia akihema.

"Bi Peigi, nimekuja kupima kina kabla sijauvuka huo mto."

"Mto gani, Bwana Tormod? Huko uendako hakuna hata tone la maji."

"Ndiyo hofu yangu." Akaketi. Nikamwekea chupa na jagi. Akalitazama lile jagi kama anayemuaga ndugu. "Naomba uliondoe, bibi. Tuko mazoezini."

"Mazoezi gani?"

"Ya kunywa kavu. Wanaume wote watakaokwenda posani. Tunakutana ghalani kwangu kila jioni. Finlay anajitahidi. Mwenzake Ewan alilia, lakini alilia kimya kimya, tunamsifu."

Nilicheka mpaka paka akatoka nje. Tormod hakucheka.

"Cheka tu. Lakini mimi nimefikiri zaidi ya hapo. Mkwe wangu anafanya kazi kiwandani, kule bara. Ameniletea chupa moja, imetoka pipani moja kwa moja. Haijaguswa na maji tangu izaliwe. Ile ya dukani ni maziwa mbele yake. Murdo akishaionja hiyo, atasema nini tena? Atasema sisi ni watu wa supu?"

"Na hao wanaoionja huko kiwandani, huinywa hivyo hivyo?"

Tormod akakuna shavu. "Hapana. Mkwe wangu anasema wao huitia maji kwanza, mengi tu. Bila hivyo pua hainusi kitu na ulimi unakufa ganzi kabla ya saa nne asubuhi."

"Kwa hiyo wenye ujuzi wanatia maji, nyinyi mnaopenda maji mnajifundisha kuacha, ili mumfurahishe mtu aliyefundishwa na sajini."

"Bi Peigi," akasema kwa uchovu, "mtoto anataka kuoa."

 Alikunywa tone lake kavu, machozi yakamlengalenga, akapanda baiskeli yake na kwenda zake kwa njia isiyonyooka.

Siku ya mkesha wa posa nilikwenda kwa Murdo mchana kumsaidia Marsaili kuoka mikate ya shayiri. Murdo alikuwa mlimani na kondoo. Nikapita mlango wa jikoni bila hodi, kama kawaida yangu, nikamkuta mpwa wangu amesimama mezani na chupa mpya ya wiski ya babake. Kizibo kimetolewa kwa ustadi. Nusu ya chupa ameimimina kwenye kopo, na kwa mkono wa pili ana birika la maji yaliyopoa, anajaza. Hakumwaga hata tone. Hiyo haikuwa mara yake ya kwanza, wala ya mia.

"Marsaili binti Murdo," nikasema.

Birika likagonga meza. "Shangazi! Umenitisha."

"Wewe ndiye umenitisha. Hicho ni nini?"

Akajaribu kudanganya, lakini hakujua kudanganya kwa mdomo, alijua kwa birika tu. Akakaa, mikono mapajani.

"Mama alipokufa, ulikuwa Glasgow kwa dada yenu," akasema. "Hukumwona Baba. Alikuwa anamaliza chupa kwa siku mbili. Nilimtoa mtaroni kwa mikono yangu, kwenye theluji. Daktari akaniambia apunguze, la sivyo nitamzika na yeye. Nikamwambia Baba apunguze. Unajua alivyojibu."

"Najua."

"Basi nikapunguza mimi. Nilianza kidogo kidogo, kijiko, kikombe. Hakusema kitu. Nikaongeza. Sasa ni nusu kwa nusu."

"Na hajui?"

"Juzi aliisifu. Alisema siku hizi wiski imekuwa laini kwa sababu wameacha kuchezea maji."

Hapo nilikaa chini mimi mwenyewe. Miaka yote ile! Mahubiri yote yale! Daktari wa mifugo alifukuzwa kwa kuomba maji na mtu ambaye wakati ule ule alikuwa akinywa maji kuliko samaki. Mtetezi mkuu wa wiski kavu katika visiwa vyote vya magharibi alikuwa mtu wa Glenorra kamili, ila hakuwa na habari. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikajifuta machozi kwa aproni, na ndipo nikamwona Marsaili hacheki.

"Na hiyo unayoitoa huipeleka wapi?" nikauliza, angalau niseme kitu.

"Wanakondoo wanaozaliwa na baridi. Kijiko kwenye maziwa."

Hilo nalo likanielewesha mengi juu ya wanakondoo wa Murdo na jinsi wanavyoruka uzio.

"Shangazi," akasema polepole, "nikiolewa, nani atamfanyia hivi? Nimeshindwa kulala kwa ajili hiyo. Nilitaka nikuombe wewe."

Kabla sijamjibu nilikumbuka jambo, na kicheko kikakauka kabisa. Nikamweleza habari ya Tormod na chupa yake ya pipani.

Rangi ikamtoka usoni. "Baba huimaliza bilauri kwa mkupuo mmoja. Mbele ya wageni hawezi kunywa vinginevyo."

"Najua."

"Itamuua."

"Haitamuua. Itamuumbua."

"Kwake ni kitu kimoja, Shangazi. Na akiumbuka mbele ya watu wa Glenorra, hatanipa ruhusa maisha."

Tulifikiri mpaka mikate ikaungua. Kumwonya Tormod ni kumwambia ukweli, na kumwambia mpeleka barua ukweli ni kuutangaza kisiwa kizima. Kumwonya Murdo ni kumuua mapema badala ya kesho. Na chupa ya waposaji hufunguliwa mezani mbele ya wote, hakuna mkono wa jikoni unaoifikia. Tukaoka mikate mingine.

Walikuja Ijumaa alasiri, wakitembea kwa mstari kutoka mlimani, viatu vimepakwa rangi na tope juu yake. Tormod mbele, Finlay nyuma yake amefungwa tai iliyokuwa ikimnyonga, Ewan na wenzake wawili wakifuata. Sisi wa Borvaig tulikuwa tumejaa chumbani, wanawake upande wa dirisha, na Murdo kwenye kiti chake karibu na moto, amenyoa, anapendeza, ana uso wa jaji aliyekwisha kuandika hukumu.

Posa kwetu haisemwi kwa jina lake. Mshenga huja kutafuta mnyama, na baba huleta wasio wenyewe kwanza, watu wacheke. Tormod akaanza vizuri.

"Murdo, baridi imetuumiza Glenorra. Kijana wangu huyu ana zizi zuri lakini halina kitu ndani. Tumesikia wewe unao mwanakondoo jike, mtulivu, tungependa tumlishe sisi."

"Ninao wengi," akasema Murdo. Akanishika bega akanisukuma mbele. "Huyu je?"

Mimi ndiye hutolewa wa kwanza katika kila posa ya Borvaig tangu nifiwe na mume wangu. Nimekwisha kukataliwa na washenga wa pande zote nne za kisiwa. Tormod akanizunguka akinikagua.

"Sufu yake bado nzuri," akasema. "Meno yapo. Lakini huyu nimesikia huwauma wachunga wake."

"Wajinga tu," nikamjibu. "Wewe sogea nikuonyeshe."

Watu wakacheka. Akaletwa Beathag, jirani yetu, mjane mwenye mwili wake, na Tormod akasema huyu atamaliza malisho yote ya Glenorra kwa msimu mmoja. Beathag akamwambia ataanza na yeye Tormod. Kicheko kikapanda hadi darini. Sasa ilikuwa zamu ya Marsaili, na kila mtu akageuka kumtazama pale kwenye mlango wa jikoni, nywele zake nyekundu amezifunga, mikono nyuma.

Murdo hakumwita.

"Zizi langu limekwisha," akasema.

Kicheko kikashuka. Tormod akajaribu tena. "Tulisikia yupo mmoja tena. Mwekundu."

"Yupo. Lakini kondoo wangu siwapeleki kwenye malisho yenye maji mengi. Huoza kwato."

Hakukuwa na mtu asiyeelewa. Finlay alikodolea macho viatu vyake. Marsaili hakuondoka pale alipo, lakini nilimwona akishika mwimo wa mlango. Nilimchukia kaka yangu wakati huo, nasema wazi. Alikuwa akimtupa nje mtoto wake kwa mzaha wa kwato, na huku ameketi, amenyoa.

Tormod, sifa zake nampa, hakurudi nyuma. Alitoa ile chupa kotini. Haikuwa na karatasi wala jina.

"Maji, Murdo? Nani kataja maji? Kunywa nasi kwanza, halafu useme mwenyewe malisho yetu yakoje. Hii imetoka pipani. Haijawahi kuona maji hata kwa mbali."

Chumba kikanong'ona. Murdo akaitazama rangi yake kwenye mwanga wa dirisha, na nikaona amepata tabu: kuikataa hawezi, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiihubiri. Akanyoosha bilauri yake. Tormod akaijaza. Akawajazia na wanaume wake wote, na wote wakanyanyua.

Watu wa Glenorra wakanywa kwanza, kama wageni. Finlay aligeuka mwekundu hadi kwenye yale masikio. Ewan machozi yalimtoka hadharani, na safari hii hayakuwa ya kimya. Lakini walimeza, wakasimama wima, mazoezi ya ghalani yakawalipa. Murdo akawatazama kwa dharau ya mtu mzoefu. Akatikisa kichwa kuwaonea huruma. Kisha akainua bilauri yake na kuimaliza yote kwa mkupuo mmoja.

Kwa kitambo hakikutokea kitu. Halafu macho yake yakapanuka. Uso ukawa mwekundu, ukawa wa zambarau, ukaelekea kwenye rangi ambayo sina jina lake. Akafungua kinywa na sauti iliyotoka ilikuwa ya mlango mbovu. Akakohoa mpaka akashika magoti. Mtu akampiga mgongoni, mwingine akafungua dirisha. Beathag akaanza Zaburi.

"Ni nini?" Tormod alitaharuki. "Imeharibika? Lakini Murdo, wewe si ndiye uliyezoea!"

Murdo alijaribu kusema. Alitaka kusema hapana, nilijua, ile hapana ya kuikataa posa aliyokwisha kuiandaa. Haikutoka. Alisimama pale mbele ya vijiji viwili akipiga hewa kwa mikono, na hapo ndipo vijana wa nyuma walipoanza kucheka.

Marsaili akatoka jikoni. Alikuwa na lile jagi la banda la kuku, limesuguliwa. Akapita katikati ya watu, akaichukua chupa kutoka mkononi mwa Tormod, akamimina wiski kidogo kwenye bilauri ya babake, kisha akatia maji. Mbele ya watu wote, kwenye bilauri ya mtu mwingine, tena baba yake, tena Murdo! Hakutia tone. Alitia hadi karibu na ukingo. Ndani ya chumba kile hakuna aliyevuta pumzi isipokuwa Murdo, naye alivuta kwa shida.

"Kunywa, Baba," akasema.

Akanywa kwa kuwa alikuwa anakufa. Akameza, akapumua. Akanywa tena. Kisha akasimama hivyo hivyo na bilauri mdomoni, hamezi, hatemi. Akaishusha akaitazama. Akanywa tone dogo sana, akalizungusha ulimini kwa muda mrefu. Wengine walidhani anapata nafuu. Mimi nilijua anapata nini. Ladha hiyo ilikuwa ya wiski yake mwenyewe, ile ile, ya kila jioni, ile laini aliyokuwa akiisifu.

Akamtazama binti yake. "Tangu lini?"

"Tangu Mama, Baba."

Walisema kwa sauti ya chini, na Glenorra haikuelewa kitu. Nilimwona kaka yangu akirudi nyuma kichwani mwake, jioni baada ya jioni, hadi kwenye mtaro na ile theluji. Nilimjua, nilingoja aivunje ile bilauri motoni.  Angeweza kumfukuza Marsaili pale pale kwa kosa la kumfanya yeye mjinga, na kijiji kingemwelewa, kwa kuwa kijiji chetu huelewa upuuzi wowote ukisemwa kwa hasira.

Akaketi.

"Tormod," akasema, sauti bado imekwaruzika. "Muuzaji mwaminifu hutaja ila ya mnyama wake."

"Taja, bwana."

"Huyu mwekundu ana ila moja. Akiona kitu kina heri na wewe, atakufanyia. Haombi ruhusa. Wala hakuambii. Utakaa miaka ukidhani ni wewe mwenyewe unayesimama."

Tormod alimtazama Finlay, na Finlay, aliyekuwa hajasema neno tangu aingie, akasema, "Ila hiyo naitaka."

"Basi mchukue," akasema Murdo.

Kelele zikalipuka. Kofia zikaruka, Ewan akalia tena, Beathag akamkumbatia Tormod kwa nguvu ya kumlipa maneno yake. Lakini Murdo hakumaliza. Alikuwa amemshika Marsaili mkono wa jagi, hamwachii, na aliposema tena, alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuuliza chumvi iko wapi, ikasikika hadi mlangoni.

"Na mimi, binti yangu? Mimi nani atanitilia maji?"

 Borvaig nzima ilielewa kwa mara moja, na pamoja nasi Glenorra nzima. Daktari wa mifugo angekuwepo angeelewa. Marsaili akamwekea babake kichwa begani.

Nilikuwa na neno la kejeli tayari ulimini, kali, la kumlipa miaka yote ya mahubiri, na watu walikuwa wakinitazama wakilingoja. Nililimeza, na lilikuwa chungu kuliko ile ya pipani. Nikalitoa jagi mkononi mwa mpwa wangu, nikainama, nikamtilia kaka yangu maji.

Alikunywa yote, mbele yao wote.